Kompyuta ya Ushirika Inapokuwa Nzito

(Haya ni mazungumzo tuliyoyatoa mbele ya wahitimu wa kisomo na wanachama wa chama cha msingi cha ushirika katika kata yetu. Tumeyaandika hapa ili wale ambao hawakuhudhuria wayasome, na wale waliohudhuria wayakumbuke.)



Mara nyingi tunapokuja hapa tunazungumza juu ya mbolea, maji safi, au lishe ya watoto. Leo tutazungumza juu ya kompyuta. Najua baadhi yenu mnasema moyoni, "Kompyuta inatuhusu nini sisi wakulima?" Inatuhusu sana. Kilo zetu za kahawa zimo ndani yake. Majina yetu yamo ndani yake. Orodha ya malipo yetu inatoka ndani yake. Kitu kilichobeba jasho letu hatuwezi kukiacha kiwe siri ya mtu mmoja.

SIKU ILE YA MALIPO

Wote mnaikumbuka Jumatano ile ya msimu uliopita. Ilikuwa siku ya kutoa orodha ya malipo ya pili. Orodha ilitakiwa ichapwe, isainiwe, ipelekwe benki mjini kabla ya saa tisa alasiri. Watu walijaa hapa barazani tangu alfajiri. Wengine walitembea kutoka vitongoji vya mbali. Mama mmoja alikuwa na mtoto amelazwa hospitali ya wilaya, naye alizitegemea fedha hizo.

Karani wetu aliwasha kompyuta saa mbili asubuhi. Mashine ikawaka, lakini ikawa nzito. Alibonyeza faili la malipo, likachukua dakika kumi kufunguka. Alisogeza mausi, mshale ukakwama. Saa nne ikafika, hata ukurasa mmoja haujachapwa.

Watu wakaanza kunung'unika. Mzee mmoja akasimama mlangoni akasema, "Mwanangu, tangu asubuhi unatuzungusha. Sema kweli, fedha zetu ziko wapi?"

Karani akajibu, "Shikamoo babu. Fedha zenu zipo salama. Mashine ndiyo nzito, naomba mnivumilie."

Mzee akasema, "Marahaba. Lakini jana mashine ilikuwa nzima. Inaugua siku ya malipo tu?"

Maneno hayo yalimchoma yule binti. Tulimwona akifuta machozi. Na si mzee yule peke yake. Wengi walisema kuna mchezo unachezwa. Wengine walitaka aondolewe kazini siku ile ile.

Sisi maofisa wa elimu tulikuwapo. Tukajifanya wajuzi. Tukamwambia karani, "Izime, uiwashe upya." Akafanya hivyo. Ilipokuwa ikijizima, kioo kikawa cha bluu na maneno yakatokea. Maneno hayo yalisema kwamba kompyuta inafanya marekebisho, na kwamba isizimwe. Karani aliyasoma kwa sauti. Akasema, "Inasema tusiizime." Sisi hatukumsikiliza. Tulitazama saa ya ukutani badala ya kutazama kioo. Tukabana kitufe cha kuzimia mpaka mashine ikafa.

Ndugu zangu, tunakiri mbele yenu. Sisi ndio tunaowafundisha watu kusoma kabla ya kutia sahihi. Siku ile maandishi yalikuwa mbele ya macho yetu, nasi hatukuyatii.

Tulipoiwasha tena, ikaanza kurudisha nyuma yale yote iliyokuwa imeyafanya. Tukakaa tunatazama alama inayozunguka. Saa tano, saa sita, saa nane. Ilipofunguka, benki ilikuwa inakaribia kufungwa. Orodha ikaenda kesho yake. Mama yule alichangiwa nauli na wenzake, akaenda hospitali na fedha za kuazima.

Jambo moja lilituokoa na fitina. Mama mmoja, mhitimu wa kisomo, alitoa stakabadhi zake kwenye kitenge. Akaomba daftari la mizani. Akasoma tarehe, akasoma kilo, moja baada ya nyingine. Zikalingana. Wengine nao wakatoa za kwao, zikalingana. Hapo watu walijua kwamba hakuna kilo iliyoibiwa. Lakini swali lilibaki: kama si wizi, mashine ilikuwa na nini?

MAFUNDI WAWILI, MANENO MAWILI

Wiki ile bodi ilimwita fundi kutoka mjini. Fundi aliitazama kompyuta kwa dakika chache. Akasema mashine imezeeka, inunuliwe nyingine. Bei aliyoitaja ilizidi shilingi milioni moja. Akaongeza, "Kama hamna fedha, nitaifungia isipokee masasisho tena maisha. Hapo itakuwa nyepesi."

Kabla ya kukubali, tulikwenda kumwuliza mwalimu wa kompyuta katika shule ya sekondari. Yeye hakuuza kitu. Alikaa na karani wetu mchana mzima, nasi tukiwa pembeni na daftari. Yale aliyotufundisha ndiyo tunayowaletea leo, pamoja na yale tuliyojifunza baadaye kwa kusoma wenyewe.

KOMPYUTA INAFANYAJE KAZI?

Tufikirie ofisi yenye karani mmoja, meza moja na ghala moja.

Karani ni kile kichwa cha kompyuta kinachofanya hesabu. Wataalamu hukiita prosesa. Meza ni memori. Hapo huwekwa kazi inayofanywa sasa hivi. Ghala ni diski. Humo hutunzwa mafaili yote, hata kompyuta ikizimwa.

Meza ikiwa ndogo na karatasi zikiwa nyingi, karani hulazimika kuzirudisha ghalani na kuzitoa tena kila mara. Kazi huchelewa. Vivyo hivyo, kompyuta yenye memori ndogo hupeleka na kurudisha kazi kwenye diski bila kupumzika.

Diski nazo ziko za aina mbili. Diski ya zamani ina sahani inayozunguka. Nyingi za kompyuta ndogo huzunguka mara 5,400 kwa dakika. Juu ya sahani kuna mkono unaokimbia huku na huko kutafuta maandishi. Ukiuambia mkono huo utafute vitu viwili kwa mara moja, hukimbia hapa, ukakimbia pale, wala haumalizi upesi. Diski ya aina mpya haina sahani wala mkono. Huitwa SSD. Hiyo hutoa na kuweka mambo kwa haraka zaidi.

Kompyuta yetu ilikuwa na diski ya sahani, na memori ndogo. Shikeni jambo hilo, tutalirudia.

MASASISHO NI NINI?

Ndani ya kompyuta kuna programu kubwa inayoziongoza programu nyingine zote. Huitwa mfumo endeshi. Kompyuta nyingi za ofisi hutumia mfumo endeshi wa Windows, unaotengenezwa na kampuni ya Microsoft ya Marekani.

Mfumo huo umeandikwa na binadamu, na kazi ya binadamu haikosi kasoro. Kasoro nyingine ni ndogo. Nyingine ni kama ufa ukutani, mwizi anaweza kupitisha mkono. Watengenezaji wanapougundua ufa, huandika marekebisho na kuyatuma kwa njia ya intaneti. Marekebisho hayo ndiyo masasisho. Vijana wetu huyaita apdeti.

Tangu mwaka 2003 Microsoft imekuwa na siku maalumu ya kutoa marekebisho ya usalama. Ni Jumanne ya pili ya kila mwezi. Hutolewa saa nne asubuhi ya kule magharibi mwa Marekani. Kwetu hapa huwa ni saa mbili usiku au saa tatu usiku, kwa kuwa Wamarekani hubadili saa zao mara mbili kwa mwaka. Kwa hiyo sisi tulio Afrika Mashariki tukilala Jumanne, tunayakuta masasisho Jumatano asubuhi.

Sasa fikirini. Siku yetu ya malipo ilikuwa Jumatano gani? Ilikuwa Jumatano inayofuata Jumanne ya pili.

Wala si hayo tu. Kompyuta yetu ilikuwa haijaunganishwa na intaneti kwa karibu miezi miwili. Tulikuwa tunabana bando. Karani aliiwasha siku moja moja bila intaneti, na ndiyo maana jana yake ilikuwa nyepesi. Jumatano ile alitia modemu ili awasiliane na benki. Mara kila programu ikadai haki yake. Mfumo endeshi ukadai masasisho. Kinga ya virusi ikadai yake. Programu ya kuandikia ikadai yake. Ni kama mtu aliyekuwa safarini miezi miwili. Siku anayorudi, wadai wote wako mlangoni, naye ana mfuko mmoja.

KWA NINI MASASISHO HULETA UZITO?

Kazi hii hufanyika nyuma ya pazia. Hatuioni kwenye kioo, lakini inaendelea. Ina hatua nne.

Kwanza, kompyuta huuliza ni marekebisho gani inayahitaji. Hukagua mafaili mengi iliyonayo.

Pili, huyapakua kupitia intaneti. Masasisho ya mwezi mmoja huweza kufika mamia ya megabaiti. Hapo bando letu huliwa.

Tatu, huyafungua, kwa sababu huja yamebanwa kama kahawa ndani ya gunia lililoshonwa. Kisha huyahakiki kuwa ni ya kweli na hayakuharibika njiani.

Nne, hutoa mafaili ya zamani na kuweka mapya. Mengine hayawezi kubadilishwa wakati yanatumika. Ndiyo maana kompyuta huomba kuzimwa na kuwashwa upya.

Hatua ya tatu na ya nne ndizo huichosha diski. Kumbukeni ule mkono mmoja unaokimbia juu ya sahani. Masasisho yanauita, kinga ya virusi inauita, na karani wetu naye anauita ili afungue faili la malipo. Ndiyo sababu faili lilichukua dakika kumi. Karani hakuwa na hila. Alikuwa kwenye foleni kama ninyi mlivyokuwa barazani.

JE, TUYAFUNGE MASASISHO MOJA KWA MOJA?

Hapa ndipo palipozuka ubishi mkubwa katika bodi. Wajumbe wengine walisema, "Kama masasisho ndiyo adui, tuyafunge. Fundi ametuambia inawezekana." Hoja hiyo haikuwa ya kijinga. Mtu aliyeumia hutaka dawa ya haraka.

Lakini tuangalie yaliyowapata wenzetu. Machi 14, 2017, Microsoft ilitoa marekebisho ya kuziba ufa mmoja mbaya. Wengi waliyaweka. Wengi wengine hawakuyaweka. Mei 12 mwaka huo huo, karibu miezi miwili baadaye, programu haramu iliyoitwa WannaCry ilianza kuenea. Ilipita katika ufa ule ule. Iliyafunga mafaili ya watu kwa kufuli la siri, ikadai kikombozi cha dola 300 kwa kila kompyuta. Katika muda wa siku chache iliingia katika kompyuta zaidi ya 200,000, katika nchi zipatazo 150. Huko Uingereza iliingia katika hospitali za umma. Maelfu ya miadi ya wagonjwa ikafutwa. Baadhi ya magari ya wagonjwa yakaelekezwa hospitali nyingine.

Dawa ilikuwapo kwa miezi miwili. Waliokuwa wameitumia, ufa huo ulikuwa umezibwa kwao.

Nyinyi wafugaji mnajua habari ya josho. Siku ya kuogesha ng'ombe ni siku ya usumbufu. Ng'ombe hachungwi vizuri. Vijana wanapoteza asubuhi nzima. Dawa inagharimu fedha. Lakini nani kati yenu atasema, "Josho linatuchelewesha, tuache kuogesha"? Anayeacha kuogesha huyaona matokeo yake kupe wanapoleta ndigana. Basi hatufungi josho. Tunachagua siku ya josho. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta.

Bodi iliposikia habari hizo, ilikataa ushauri wa kufunga masasisho. Iliamua tuyapangie siku.

TUFANYE NINI KOMPYUTA IKIWA NZITO?

Karani, mjumbe, au kijana yeyote anayetumia kompyuta afuate hatua hizi.

1. Asichomoe waya, wala asibane kitufe cha kuzimia. Asome kwanza kilichoandikwa kwenye kioo. Kama kinasema kompyuta inafanya marekebisho, aiache mpaka imalize, hata ikichukua saa nzima.

2. Kama kioo kiko kawaida lakini kazi ni nzito, atazame ni nani anayeila nguvu. Abonyeze kwa pamoja vitufe vitatu vya kibodi: Ctrl, Shift na Esc. Dirisha liitwalo Task Manager litafunguka. Dirisha hilo ni kama daftari la mahudhurio. Linaonyesha kila programu inayofanya kazi, hata zile zilizojificha. Dirisha likifunguka dogo, afungue sehemu yake kubwa.

3. Atazame safu zenye tarakimu za asilimia. Moja ni ya prosesa, moja ya memori, moja ya diski, na nyingine ya mtandao. Safu ya diski ikisoma 100 au karibu na hapo kwa muda mrefu, hapo ndipo penye foleni. Abonyeze kichwa cha safu hiyo. Programu inayotumia zaidi itapanda juu kabisa.

4. Asome jina lake. Akikuta Windows Modules Installer Worker, au jina lenye maneno Windows Update, basi ni masasisho. Asiyalazimishe kufa. Kuyaua katikati ya kazi ndiko kulikotuponza sisi.

5. Kama kazi inaweza kusubiri, asubiri. Kama kazi ni ya lazima siku hiyo, aende kwenye mipangilio, kwenye ukurasa wa Windows Update, achague kuahirisha. Masasisho huweza kuahirishwa hadi siku 35. Kuahirisha si kufunga. Muda ukiisha, kompyuta itayadai tena.

6. Kama uzito ni ule ule siku hadi siku, na masasisho yale yale yanashindwa kila mara, basi kuna kasoro. Aangalie kwanza kama diski ina nafasi. Diski iliyojaa haiwezi kupokea mzigo mpya. Apunguze picha na video zisizohusu ofisi. Kisha awashe kompyuta upya kwa kuchagua Restart. Kwenye kompyuta nyingi, kuzima kwa kawaida hakumalizi kila kitu, kwa sababu mashine huhifadhi sehemu ya kazi ili iwake haraka kesho.

7. Hapo ikishindikana, aitwe fundi. Fundi anaweza kusimamisha huduma ya masasisho kwa muda, akafuta mapakuo yaliyoharibika, kisha akaiwasha tena. Mjumbe wa bodi awepo, na kabla fundi hajaondoka amwulize, "Umeiwasha tena?" Swali hilo ni fupi lakini lina thamani.

MPANGO WETU WA MWEZI

Kinga ni bora kuliko tiba. Haya ndiyo tuliyokubaliana katika chama chetu, na chama kingine kinaweza kuyaiga.

Jumatano inayofuata Jumanne ya pili ya kila mwezi ni siku ya masasisho. Siku hiyo hakuna malipo wala mkutano unaohitaji kompyuta. Karani anaweka bando la kutosha, anawasha mashine, anaiacha ifanye kazi yake. Anakubali inapoomba kuwashwa upya. Alasiri anaandika kwenye daftari: tarehe, na kama masasisho yamekamilika.

Siku nyingine zote modemu huwekewa alama ya mtandao wa kupimwa, yaani mtandao ambao kila kiasi kinalipiwa. Alama hiyo imo katika mipangilio ya mtandao. Ikiwekwa, sehemu kubwa ya masasisho hayapakuliwi yenyewe. Jumatano ya masasisho karani huiondoa.

Hali kadhalika tumeziandika saa zetu za kazi katika kompyuta. Ndani ya saa hizo mashine haiwezi kujizima na kujiwasha yenyewe kwa ajili ya masasisho.

Tumenunua betri ya akiba ili umeme ukikatika katikati ya marekebisho, mashine isife ghafla.

Mwisho, nakala ya orodha ya wanachama huwekwa kwenye diski ndogo ya kuchomeka, na diski hiyo hufungiwa kabatini. Daftari la mizani nalo haliachwi. Kompyuta ni msaidizi wa daftari, si mrithi wake.

Na ile habari ya kununua kompyuta mpya? Mwalimu alitushauri tubadili diski ya sahani tuweke SSD, na tuongeze memori. Bodi ilifanya hivyo. Gharama ilikuwa ndogo sana kuliko ile ya mashine mpya. Malipo yaliyofuata yalianza saa mbili asubuhi. Saa nne orodha ilikuwa imesainiwa. Wote mlikuwapo.

TAHADHARI MBILI

Kwanza, toleo la mfumo endeshi nalo huzeeka. Toleo la Windows 10, lililotoka mwaka 2015, lilifika mwisho wa masasisho yake ya kawaida Oktoba 14, 2025. Kompyuta yenye toleo hilo bado inawaka, lakini haizibiwi nyufa mpya, isipokuwa ile iliyoandikishwa katika mpango maalumu wa muda. Kila chama kiulize, "Kompyuta yetu ina toleo gani?" Ofisi isijidanganye kwamba ukimya wa masasisho ni afya.

Pili, jihadharini na masasisho ya uongo. Ukiwa unasoma habari kwenye intaneti, tangazo linaweza kuruka mbele yako na kusema, "Kompyuta yako ina hatari, bonyeza hapa upate masasisho." Usibonyeze. Masasisho ya kweli ya mfumo yamo katika mipangilio ya kompyuta yenyewe. Hayaombi namba yako ya siri ya benki wala ya simu.

Na hata ambaye hajawahi kugusa kompyuta ana jambo la kufanya leo. Simu nyingi mlizo nazo mifukoni ni kompyuta ndogo. Nazo hupakua masasisho nyuma ya pazia. Mtu ananunua bando asubuhi, mchana limekwisha, anailaumu kampuni ya simu. Simu zenye duka la programu la Google zina mpangilio wa kuzuia masasisho ya programu mpaka upate Wi-Fi. Mwombe kijana wako akuonyeshe. Kisha ukifika mahali penye Wi-Fi unayoiamini, uyaruhusu.

KUHUSU KARANI WETU

Ndugu wananchi, hatuwezi kumaliza bila kusema neno hili. Siku ile tulikaribia kumfukuza mtu asiye na kosa. Hakuna aliyemwonea kwa chuki. Tulimwonea kwa kutojua. Mtu asiyejua kitu hukiogopa, na anayeogopa hutafuta wa kumlaumu.

Wiki mbili baadaye, mzee aliyemwuliza maswali mlangoni alikuja ofisini. Alivua kofia yake akasema, "Binti yangu, nisamehe. Nilikuambia neno zito." Karani akasema, "Yamekwisha, babu. Karibu ukae." Kisha mzee akavuta kiti, akaomba aonyeshwe hilo daftari la mahudhurio la kompyuta. Karani akabonyeza vitufe vitatu. Mzee akavaa miwani, akasoma zile asilimia, moja moja, kwa sauti. Alijifunza kusoma tarakimu katika kisomo akiwa na miaka zaidi ya hamsini. Siku ile alizisoma ndani ya kompyuta.

Sisi tulijifunza kutoka kwake, na kutoka kwa karani aliyetuambia tusiizime nasi tukapuuza. Tumemwomba radhi naye, na leo tunamwomba tena mbele yenu.



MANENO YA KUKUMBUKA

Mfumo endeshi: programu kubwa inayoongoza programu nyingine zote za kompyuta.
Masasisho: marekebisho yanayotumwa na watengenezaji wa programu.
Kupakua: kuleta kitu kutoka kwenye intaneti na kukiweka katika kompyuta au simu.
Memori: mahali pa kuweka kazi inayofanywa sasa.
Diski: ghala la mafaili.
Kuahirisha: kusogeza mbele, si kufuta.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Kwa nini kompyuta ya chama ilikuwa nzito siku ya malipo, na jana yake ilikuwa nyepesi?
2. Kwa nini si vizuri kuzima kompyuta inapofanya marekebisho?
3. Fundi akikushauri ufunge masasisho moja kwa moja, utamjibu nini?
4. Tazameni kalenda. Jumanne ya pili ya mwezi ujao ni tarehe ngapi? Ofisi yenu ina kazi gani siku inayofuata?
5. Je, stakabadhi zako za msimu huu ziko wapi? Zinalingana na daftari la mizani?